Fungu la Mtikisiko

1

Farasi aliyeitwa Sumaku alikuwa mbele kwa urefu wa farasi wawili, zikiwa zimebaki mita mia tatu, mpanda wake alipovuta hatamu na kumsimamisha. Hakuanguka wala hakugongwa. Alisimamishwa tu, mbele ya watu milioni moja na laki mbili waliokuwa wakitazama runinga Jumapili hiyo, na farasi wengine kumi na mmoja wakampita kama maji yanavyolipita jiwe.

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Rispa Makokha alivaa visikilizio vyake na kuanza kuwasikiliza watu hao.

Kazi yake iliitwa usomaji wa maoni, ingawa watazamaji waliacha kuandika zamani. Siku hizi walisema. Kila mbio, tangu zilipoanza hadi zilipokwisha, runinga iliuliza swali moja, "Matangazo yalikuwaje?", na mtazamaji alikuwa na nusu dakika ya kujibu kwa simu pamoja na alama ya kutoa, kuanzia moja hadi kumi. Maoni mepesi yalipangwa na mashine. Mazito yaliishinda. Mtu wa Kakamega akisema, "Hongereni, leo mmetuonyesha kisogo cha mtangazaji mpaka tumekizoea," mashine iliandika pongezi. Kwa hiyo Runinga ya Upeo iliajiri watu kumi na wanne wenye masikio, wakawekwa katika jengo lililopakana na Uwanja wa Mbio wa Olkeju, na Rispa akawa mkuu wao.

"Huyu wa Thika anataka mpanda farasi apelekwe akachunge mbuzi," alisema Odipo, aliyekaa naye meza moja kwa miaka saba.

"Weka Mengineyo."

"Anasema mbuzi wenyewe watamkataa."

"Weka Mengineyo, Odipo."

Maoni yalipangwa kwa mafungu: Picha, Sauti, Mtangazaji, Mtikisiko, Mengineyo. Jumapili hiyo fungu la Mengineyo lilifura kwa matusi aliyotukanwa Naisula Lenaipa, aliyempanda Sumaku. Fungu la Picha, kwa upande wake, lilikuwa na sifa tupu. Alama ya wastani ilikuwa tisa nukta tatu, ya juu kuliko zote tangu mbio zianze kuonyeshwa. Mama mmoja wa Voi alisema hajui chochote kuhusu farasi na hataki kujua, ila anawatazama kwa sababu wanakwenda vizuri, na moyo wake hutulia.

Karibu na saa nne, Rispa alifika kwenye maoni ya kaskazini. Yalikuwa machache kila wiki. Marsabit, Laisamis na Moyale walitumia ving'amuzi vya zamani visivyoweza kubeba picha ya kisasa, wala kurekodi chochote, na walipelekewa matangazo kwa njia ya zamani ya setilaiti, moja kwa moja kutoka kwenye gari la kamera. Watazamaji wa huko walikuwa mia nne na kumi tu, na alama zao hazikuwahi kufika tano.

"Mimi ni Mwalimu Guyo Jatani, Marsabit. Mnanijua," ilisema sauti ya kwanza. "Nne kwa kumi. Farasi mwenye kitambaa cha kijani anachechemea tangu kona ya pili. Rekebisheni picha. Mungu awabariki."

Odipo, aliyekuwa akisikiliza pamoja naye, alicheka. "Mwalimu na baraka zake. Mtikisiko?"

"Mtikisiko," alisema Rispa, na kidole chake kikaenda chenyewe.

Hiyo ilikuwa kanuni ya nne katika kitabu chao: mtazamaji halaumu ulimwengu, hulaumu picha; usibishane naye. Akisema jua ni kali, punguza mwanga. Akisema farasi anayumba, kamera imeyumba. Kila msomaji mpya aliikariri kanuni hiyo siku ya kwanza.

Sauti ya pili ilikuwa ya mwanamke wa Laisamis. Yule wa kijani, alisema, mguu wa mbele wa kulia unakataa. Ya tatu ilitoka Moyale: mguu wa mbele, kulia. Rispa akachukua karatasi. Alikuwa na tabia ya kuchora mistari midogo ya kalamu, ijapokuwa mashine ingemhesabia. Alipomaliza maoni ya kaskazini alikuwa na mistari saba, na yote ilikuwa ya mguu mmoja wa farasi mmoja.

Akaisogeza karatasi mbele ya Odipo.

"Odipo, picha ikitikisika, hutikisika nini?"

"Picha."

"Yote?"

"Yote. Farasi, uzio, mpaka mawingu."

"Haichagui mguu."

Odipo aliacha kutafuna. Wakafungua picha iliyohifadhiwa ya mbio za tano, zile za Sumaku, na kuitazama tangu kona ya pili. Sumaku, kitambaa chake cha kijani mgongoni, alikuwa akienda shoti kwa mwendo laini, miguu minne ikishuka kwa zamu kama vidole vya mpiga kinanda. Wakaitazama polepole. Wakaitazama fremu baada ya fremu. Halafu Naisula akavuta hatamu, bila sababu yoyote inayoonekana.

"Labda kaskazini hawaoni vizuri," alisema Odipo.

"Watu saba, miji mitatu, wote wasiuone vizuri mguu mmoja?"

Wote wawili walijua kilichokuwa kikimsubiri Naisula. Kamati ya uwanja ilikuwa imeshika leseni yake na kumwita Alhamisi kujibu shtaka la kumsimamisha farasi mzima kwa makusudi ili kuwanufaisha wacheza kamari. Yeye alidai kwamba farasi alianza kuchechemea na kwamba angeendelea angevunjika mguu. Mwenye farasi alisema Sumaku ameumia kweli, lakini ameumizwa na ule mvuto wa ghafla. Daktari wa farasi, aliyekaa mjini na kuangalia kila kitu kwenye skrini, aliitazama picha hiyo hiyo na kuandika maneno matatu: mwendo ulikuwa sawa. Naisula akipatikana na hatia, asingepanda farasi tena katika uwanja wowote maisha yake yote.

2

"Miaka sita natoa maoni," alisema Mwalimu Guyo kwenye simu, "na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananipigia. Nimekosea nini?"

"Hujakosea, Mwalimu. Nataka kuelewa ulichokiona."

"Nilisema. Picha mbovu."

"Ubovu wake ulikuwaje?"

Nyuma yake Rispa alisikia watu wakibishana, na kikombe kikiwekwa juu ya meza ya bati. Baadaye aliambiwa kwamba watu wa mtaa ule hutazama mbio pamoja katika ukumbi wa chama cha walimu wastaafu.

"Kichwa," alisema Mwalimu Guyo. "Mguu wa kulia ukigusa chini, kichwa kinapanda. Ukigusa tena, kinapanda tena. Mimi nimefundisha jiografia, lakini nimekua na ngamia. Mnyama akikanyagia mguu unaomuuma, kichwa hukimbilia juu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Naujua mwendo ule kama ninavyoijua sauti ya mke wangu."

"Basi ulijua farasi anaumwa."

"La, la. Nilijua ni picha."

"Kwa nini?"

"Dada, sikiliza. Kila Jumapili kuna mmoja au wawili wanaokwenda hivyo. Kila Jumapili. Sasa nyinyi watu wakubwa, wenye madaktari na makoti, mnaweza kumkimbiza mnyama anayechechemea mbele ya nchi nzima? Sisi hapa hata punda hatumfanyii hivyo. Tukasema haiwezekani, ni king'amuzi chetu kibovu. Tukawa tunawaomba mturekebishie." Akacheka kidogo. "Wewe ndiwe mwenye kuturekebishia?"

"Ndimi ninayepokea maombi," alisema Rispa.

"Basi hujatuhudumia vizuri, lakini una adabu."

3

Mtambo uliotengeneza picha za Upeo uliitwa Mshoni, na watu wa ofisini walimtaja kama mwenzao. Kamera kumi na nne za uwanjani zilimpelekea vipande, naye akavishona kuwa picha moja. Kabla ya kushona alivipiga pasi: aliondoa vumbi, alinyoosha upeo uliopinda, alituliza mtikisiko. Hakuambiwa na mtu yeyote picha nzuri ni ipi. Alijifunza kutokana na maoni. Lalamiko likiingia fungu la Mtikisiko, Mshoni alitafuta katika picha kitu kilichotikisika wakati mtazamaji alipolalamika, na mara iliyofuata alikituliza. Vipande vya awali vilifutwa baada ya saa moja. Kilichobaki ghalani ni kilichoshonwa. Picha ya kaskazini peke yake haikupita mikononi mwake.

Rispa hakusoma chuoni mambo ya mitambo. Alijifunza mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa miongozo iliyotupwa na mafundi, na kwa hiyo hakuamini alichokifikiria mpaka akijaribu. Jumanne mchana aliazima kamera ndogo akaenda nyuma ya soko, ambako maji huuzwa kwa mikokoteni. Alitafuta punda anayechechemea, akampata wa tatu.

"Punda wangu anaingia runingani?" aliuliza mwenye mkokoteni. "Basi ngoja kwanza aoge."

"Anatosha hivyo hivyo. Ameanza kuchechemea lini?"

"Ijumaa. Alikanyaga msumari. Ndiyo maana unaona madumu manne tu, siku nyingine hubeba kumi." Akamtazama Rispa kwa shaka. "Wewe si wa wale wanaotetea wanyama?"

"Mimi ni wa runinga."

"Afadhali. Wale hutusemea sana."

Rispa aliurudisha mkanda ofisini na kumpa Mshoni, akamwambia aushone kama mbio za kawaida. Punda akatokea kwenye skrini akitembea kama bwana harusi anayejua anatazamwa. Madumu yalikuwa manne. Mwenyewe alikuwa yuleyule, na kofia yake. Hata kitambaa kilichofungwa kwenye ukwato kilionekana, kisafi kidogo kuliko kilivyokuwa. Kilichoondolewa ni maumivu peke yake.

Alirudia mara tatu. Kisha akafungua daftari la mafunzo, ambamo Mshoni, kwa matakwa ya sheria, huandika kila alichofundishwa na nani aliyekipitisha. Alirudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Machi, akakuta maoni elfu moja mia moja na arobaini yaliyosema kwamba farasi fulani anayumba, anapepesuka, anachechemea. Yote yalikuwa yamewekwa fungu la Mtikisiko siku moja, kwa mkupuo.

Aliikumbuka Machi ile. Upepo ulikuwa umelegeza milingoti ya kamera, na malalamiko yalikuja kama nzige. Wasomaji walikuwa wanne tu. Usiku ule ndipo kanuni ya nne ilipotungwa, ili kazi iishe, na ilisaidia, kwa kuwa mengi ya malalamiko hayo yalikuwa ya milingoti kweli. Si yote. Mbele ya kila safu kulikuwa na jina la aliyepitisha: R. Makokha. Kanuni yenyewe pia aliiandika yeye.

Alinakili tarehe ile kwenye karatasi yake, chini ya mistari saba. Kisha akaenda kupanga maoni ya alasiri, kwa sababu yalikuwa yakimngoja.

4

"Kaa, Rispa," alisema Kihoro, mkurugenzi wa matangazo, Jumatano asubuhi. Alisoma karatasi zake zote bila kuruka ukurasa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kulala kwenye gari la kamera wiki mbili mvua ilipoharibu nyaya, na alimjua kila mfanyakazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Odipo anajua. Na wewe, Mkuu."

"Unaweza kumfundisha Mshoni aache?"

"Naweza. Ni kuyatoa yale maoni kwenye fungu lake. Itachukua siku mbili."

"Basi yatoe. Jumapili watu wataona farasi jinsi walivyo, na daktari ataona, na anayeumwa ataondolewa. Wewe umeona tatizo, umelitatua. Hakuna farasi atakayeumia tena. Hilo si jambo dogo."

"Na Naisula?"

Kihoro alizipanga karatasi zikae sawa. "Nisikilize vizuri. Tukisema picha zetu hazikuwa za kweli, kila uamuzi uliotolewa kwa picha zetu kwa miaka tisa utafunguliwa. Leseni itaondoka. Humu ndani tuko watu sitini na wawili. Huko mazizini, mbio zikisimama, masaisi mia mbili wanaotunza farasi watarudi makwao. Upande mwingine yuko mtu mmoja, ana miaka ishirini na sita, ana nguvu, anaweza kufanya kazi nyingine. Sisemi ni haki. Nakuuliza wewe, unayependa kupima mambo, upime."

"Nimepima."

"Ukaona nini?"

"Kwamba wale sitini na wawili, wa kwanza wao ni mimi. Kwa hiyo mizani yangu haifai."

Kihoro alitabasamu bila furaha. "Tena kuna ile ahadi. Tumewaahidi watazamaji kwamba maoni yao hayatatoka chumba kile. Wewe ndiye uliyenigombeza mwaka juzi nilipotaka kuwapa watu wa biashara. Ulisema mtu akijua anasikilizwa na wengine, hasemi tena anachokiona."

"Nilisema."

"Sasa unataka kuyasoma mbele ya kamati."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Rispa hakuficha kwamba palikuwa pagumu. Bila maoni yale saba hakuwa na kitu. Punda angethibitisha kwamba Mshoni huficha. Asingethibitisha kwamba Sumaku alikuwa na cha kufichwa. Walioona mwendo wa Sumaku kwa macho yao, mbali na aliyempanda, walikuwa wale watu wa kaskazini tu, maana kona ya pili ya Olkeju iko nyuma ya mikaratusi na hata walio jukwaani huitazama kwenye skrini kubwa.

"Nitawaomba ruhusa," alisema. "Atakayekataa, sitamsoma."

"Na nikikukataza?"

"Utakuwa umenikataza, Mkuu. Sitasema hukufanya hivyo."

Kihoro alitazama dirishani, kule wafanyakazi walikokuwa wakimwagilia nyasi za uwanja. Hakumkataza. Wala hakumruhusu. Alisema ana kikao kingine.

Rispa alitumia siku nzima kwenye simu. Watano walikubali. Mmoja hakupatikana. Mmoja, fundi wa Moyale, alikataa kwa upole: Jumapili ile alikuwa amemwambia tajiri wake kwamba yuko kitandani na homa. Rispa akalikata jina lake kwa mstari ulionyooka. Mwalimu Guyo alisema, "Soma jina langu lote, na la baba yangu. Ukipenda soma na alama niliyotoa. Nne. Sibadilishi."

5

Kamati ilikaa Alhamisi katika ukumbi wa kulia chakula wa uwanja, wenye madirisha marefu yanayotazama njia ya mazizini. Walikuwa watatu, na mwenyekiti wao, Bi. Makrina Sironka, aliwahi kuwa hakimu na bado alizungumza kama mtu anayeandikwa.

Naisula Lenaipa alisimama peke yake upande wa kushoto. Alikuwa mdogo wa mwili, mikono yake mikubwa, na aliiweka nyuma ya mgongo.

"Nilisikia kwa tandiko," alisema. "Kona ya pili ilikuwa kidogo, kama mtu aliyesita. Kona ya tatu akawa ananitupa upande mmoja kila hatua. Nikamngoja, nikidhani atajisahihisha. Hakujisahihisha. Nikamsimamisha."

"Ukiwa mbele kwa urefu wa farasi wawili," alisema mwenye farasi.

"Farasi hajui kwamba yuko mbele. Anajua mguu unauma."

Picha ikaonyeshwa. Ukumbi ukatazama Sumaku akitiririka kwenye kona ya pili, kona ya tatu, hadi kwenye hatamu zilizovutwa. Bi. Sironka aliandika mstari mmoja na kuupigia mwingine chini, na Naisula, aliyekuwa akiitazama picha hiyo kwa mara ya kwanza, alionekana kama mtu aliyeonyeshwa uso wake ukisema maneno asiyoyajua. "Basi sijui," alisema polepole. "Basi labda mwili wangu ulinidanganya."

Rispa akanyoosha mkono. Akaeleza yeye ni nani. Alisoma maoni matano, kwa majina, bila kupandisha sauti wala kuongeza neno. Aliposoma "Nne kwa kumi. Rekebisheni picha. Mungu awabariki," mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

"Mheshimiwa," alisema mwenye farasi, "hawa wenyewe wanasema ni picha mbovu. Watu wa ving'amuzi vya kizamani wanalalamikia ving'amuzi vyao. Huo ni ushahidi au ni ankara ya fundi?"

"Swali ni zuri," alisema Bi. Sironka. "Mama, unalijibuje?"

"Naomba nisilijibu kwa maneno," alisema Rispa. "Sumaku yuko zizini, na kila mtu hapa anakubali kwamba leo anachechemea. Naomba apitishwe nje ya dirisha, na Odipo ampige picha kwa kamera ya uwanja, na picha ije kwenye skrini hii kwa njia yake ya kila Jumapili."

Ilichukua dakika kumi na tano kumleta. Saisi alimwongoza kwa kamba, akimsemesha. Nje ya kioo, hatua kumi tu kutoka mezani, Sumaku alikuja akitupa kichwa juu kila mguu wa kulia uliposhuka, kwa uchungu ambao hata asiyejua farasi angeusoma. Kwenye skrini, juu ya meza ya vikombe, Sumaku yuleyule, na saisi yuleyule, kamba ileile, alipita kwa mwendo mwepesi, kichwa kimetulia kama amebebeshwa maji.

Wanakamati watatu waligeuza shingo kutoka dirishani kwenda kwenye skrini, wakarudi dirishani. Mwenye farasi aliinuka akaenda kusimama karibu na kioo. Bi. Sironka akaomba farasi arudishwe na kupitishwa tena, akapitishwa. Kisha akasema atolewe juani, inatosha.

"Mtambo huu ulifundishwa na nani kufanya hivi?"

"Na watazamaji, kupitia kwangu," alisema Rispa. "Waliniambia wanachokiona. Mimi nikaandika kwamba ni kosa la picha." Akaweka mbele yake ukurasa wa daftari, wenye tarehe na jina.

"Ulijua?"

"Hapana. Lakini nilikuwa na elfu moja mia moja na arobaini waliojaribu kuniambia."

Kihoro, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, alitoka nje akiwa na simu mkononi.

Kamati ilijadiliana kwa nusu saa. Uamuzi ulikuwa mfupi: Naisula Lenaipa hana hatia, alitenda inavyompasa mpanda farasi, leseni yake arudishiwe leo. Matangazo ya Olkeju yasimame mpaka picha zionyeshwe bila kutulizwa. Mengine yatapelekwa kwa wanaohusika. Bi. Sironka hakusema wanaohusika ni kina nani, ila alipokuwa akikusanya karatasi alimtazama Rispa, si kwa ukali.

6

Rispa alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, kibao chake cha kazi, chenye skrini, magotini. Odipo alikuwa amemletea ujumbe kwamba njia yake ya kuingia kwenye ghala la maoni itafungwa saa kumi na moja. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Alikuwa akiyatoa maoni ya Machi ile kutoka fungu la Mtikisiko, safu moja moja, ili atakayekuja asipate shida.

Naisula akaja akasimama ngazi mbili chini yake. Hakushukuru, wala Rispa hakutazamia.

"Ulisema picha za zamani zimefutwa."

"Zile za kweli, ndiyo. Zilizobaki zote ni nzuri."

"Lakini maoni hayafutwi."

"Hayafutwi."

Naisula alipangusa mikono yake kwenye suruali, ingawa haikuwa na vumbi. "Mwaka jana, Septemba, mbio za tatu. Lekishon, mpanda mwenzangu, alianguka na farasi wake kona ya pili. Walisema alilegeza hatamu. Walisema alikuwa amechoka, alikesha. Mama yake alisomewa hivyo, kaburini. Mimi pia niliamini."

"Tarehe?"

"Kumi na nne."

Rispa angeweza kusema ghala limeshafungwa. Aliandika tarehe, akaandika kaskazini, akangoja. Majibu yalikuwa matatu. Aliyasikiliza yote kwanza kwa visikilizio, mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya kabla ya kumwambia mtu jambo lolote.

"Sitakutajia majina yao," alisema.

"Sihitaji majina."

Akavua visikilizio na kukigeuza kibao ili sauti isikike. Mwanamke wa Moyale, aliyekuwa na mtoto analia karibu yake, alisema ametoa alama tatu kwa kumi. Kwamba farasi mweupe anachechemea vibaya sana tangu alipoondoka, mguu wa nyuma, na anaomba kwa heshima wahusika waiangalie picha hiyo haraka, kwa sababu inaogofya kuitazama, na yule kijana wa watu amekaa juu yake kama hajui.

Chini ya maoni hayo kulikuwa na mstari wa ofisi. Naisula hakuweza kuusoma kutoka alipokuwa, kwa hivyo Rispa akamsomea.

"Yamepokelewa Septemba kumi na nne, saa tisa na dakika nne. Mbio zikiendelea. Fungu, Mtikisiko. Limeshughulikiwa. R. Makokha."

Naisula alipanda zile ngazi mbili akaketi kando yake. Alinyoosha mkono wake mkubwa, akauweka juu ya kibao, akasema, "Cheza tena. Nataka kusikia akiwa bado juu ya farasi, kabla hajaanguka."

Rispa akacheza tena.